Uso Asioutambua Seremala

"Shemeji! Niachie mkono! Umelewa?"

Seremala aliuachia ule mkono kama aliyeshika pasi ya moto. Mtandio wa kijani ulikuwa wa mchumba wake. Urefu ulikuwa uleule. Lakini sauti! Yule ambaye Seremala alikuwa amemnong'oneza "mpenzi, leo umependeza hadi nimepotea njia" alikuwa mdogo wa mchumba wake.

Ukumbi mzima uligeuka. Watu walikuwa wamekuja kumpongeza mchumba mwenyewe, Daktari, kwa utafiti wake wa jinsi ubongo unavyoona. Naye alikuwa amesimama nyuma yao, shada la maua mkononi.

"Nilidhani nimemwazima mdogo wangu mtandio tu," alisema taratibu. "Kumbe nimemwazima na mwanamume."

"Nilidhani ni wewe..."

"Kwa ukaribu huo? Macho yako yako wapi?"

Seremala akatoka nje. Kabla hajafika nyumbani, ujumbe ukaingia: "Usinipigie. Yule mtoto nimemlea mimi. Kati ya wanawake wote, yeye?"

Ukweli ulikuwa mmoja, na aliyeujua ni mama yake tu. Utotoni Seremala alianguka kutoka juu ya paa, akaumia kichwa. Alipopona, nyuso za watu zilikuwa zimefanana zote kama mbao za mti mmoja. Tangu hapo alimjua mtu kwa sauti, kwa mwendo, kwa nguo.

Daktari naye, Seremala alimjua kwa sauti. Mara ya kwanza alikuja karakana kutaka kibao cha kuegemezea kidevu, ili watu anaowapima watulie mbele ya skrini. Akakikataa. Akakikataa tena.

"Dada, hiki kina kasoro gani?"

"Kinacheza kidogo. Kichwa kikiyumba, fundi, na ukweli unayumba."

Siku hiyohiyo moyo wa Seremala ukaenda na maji. Hakuwahi kukutana na mtu anayeiheshimu kazi namna ile. Daktari alikuwa ametumia ujana wake wote kwenye swali moja: kwa nini jicho huacha nyuso mia likanaswa na ule mmoja wenye hasira, au ule unaopendwa? Wakubwa waliwahi kumcheka, wakamwambia mapenzi hayapimiki. Yeye aliendelea kupima. Akikosea, alitangaza mwenyewe kabla hajaulizwa.

Baada ya kuusoma ule ujumbe, Seremala akampigia simu mama yake.

"Mama, nimeharibu."

"Umeharibu kwa kuficha. Si kazi yake ndiyo hiyo?"

"Ndiyo maana, mama. Nilitaka niwe mume wake, sio mgonjwa wake."

"Basi sasa hutakuwa mume wala mgonjwa. Nenda, mwanangu!"

Akaenda. Maabara ilikuwa na wanawake watatu wenye makoti meupe, nao walipomwona wakanyamaza kimya. Jasho likamtoka.

"Nimekuja kwa mchumba wangu," alisema. "Yumo humu ndani, lakini simjui ni yupi."

"Umekuja kunidhihaki mpaka kazini?"

Sauti ilitoka kwa yule wa katikati. Seremala akamgeukia.

"Sasa nimekujua, kwa sababu umesema."

Daktari alimwangalia machoni. Hasira ilimtoka usoni taratibu, lakini Seremala hakuweza kuisoma. Alichosikia ni viatu vikimsogelea.

"Nitazame. Unaona nini?"

"Naona macho, pua, mdomo. Ni vizuri. Ila havinitajii jina."

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto. Nilianguka."

"Na mimi ninayesomea hayo nimekaa na wewe muda wote huu sijaona!" Sauti yake ilikatika. "Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utanipenda kwa huruma."

Mwenzake mmoja alikohoa. "Daktari, tumpime?"

"Akikubali. Lakini mpime wewe. Mimi siwezi kumpima mtu ninayemlilia."

Seremala alikubali. Wakamfunga vidoleni kifaa kidogo cha kupima jasho ambalo mtu mwenyewe halihisi. Picha zikapita, nyingine za wageni, nyingine kutoka simu ya Daktari, nyuso tupu zisizo na nywele wala nguo.

"Simjui," alisema. "Simjui. Huyu naye simjui."

Kwenye picha ya shemeji yake, mstari wa kwenye skrini ulilala kama maji ya mtungi. Kwenye picha iliyofuata ukaruka juu.

"Huyu je?" mwenzake aliuliza, sauti ikimtetemeka.

"Simjui, dada yangu. Samahani."

"Ni mchumba wako."

Daktari alikuwa ukutani, mkono mdomoni. Mtu mwingine angekimbia kumkumbatia. Yeye alisema, "Mara moja si ushahidi. Changanyeni picha, mrudie."

Wakarudia. Ukaruka. Wakachanganya tena. Ukaruka palepale, kwake tu.

Ndipo Daktari alipopiga magoti mbele ya kiti.

"Hii haiingii kwenye utafiti wangu," alisema huku analia na kucheka. "Ni yangu peke yangu. Macho yako hayanijui, baba, lakini mwili wako unanijua kuliko ninavyojijua."

"Nisamehe kwa kuficha."

"Nisamehe kwa kukuhukumu. Na shemeji yako ana haki ya kuombwa radhi, twende wote."

Siku ya harusi wanawake walijaa mlangoni, wamependeza wote. Seremala alisimama mbele, akatabasamu ovyo kwa kila mmoja. Kisha mmoja akaja, akamshika mkono.

"Ni mimi," alisema.

"Najua. Kiganja changu kimeshaanza kutoka jasho."