Kigari cha Espoir

Kigari kilikuwa kimelowa. Juma zima mvua haikunyesha Uvira, vumbi la pikipiki limejaa mpaka ndani ya sahani, lakini kigari cha kopo la sardini alichokificha Sidonie juu ya kabati kilikuwa kinadondosha maji, na maji yenyewe yalinuka matope ya ziwa.

Alikifuta, akakirudisha. Hakumuuliza mtu, maana angeulizwa yeye.

Siku ya kumaliza matanga ya Espoir, mwanawe aliyezama akiogelea na wenzake, vitu vyake vya kuchezea vilitandazwa uani juu ya mkeka. Watoto wa majirani walipita, kila mmoja akachukua kimoja, akakimbia bila kugeuka. Ndivyo inavyofanywa. Mama anaruhusiwa kubaki na nguo ya marehemu, si kitu ambacho mtoto alikiendesha kwa mkono, kwa sababu kitu kama hicho hakikai bure, kinatafuta mkono mwingine. Koko Laure, mama mkwe wake, aliyasema hayo, na Sidonie akaitika vizuri kabisa, kigari kikiwa tayari ndani ya kitenge chake. Mwenye kufiwa ana akili za kuku.

Mchana, watu wakilala kwa ukali wa jua, akaanza kusikia magurudumu ya kigari, yaliyokatwa kwenye kandambili, yakikwaruza sementi. Hakuogopa. Alifurahi, maskini. Alikaa kitandani akisikiliza kama redio.

Mpaka alipomsikia Victoire, binti yake mdogo, akicheka nyuma ya kabati. Alimkuta nywele zinachuruzika, midomo ina baridi.

"Nani amekumwagia maji?"

"Yaya Espoir. Anasema twende kuoga."

Koko Laure alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa majani ya sombe.

"Weye ulificha kitu, Mama Espoir. Usinidanganye, minye si mutoto."

Sidonie akakitoa. "Ni yeye, mama. Ni mutoto wangu amerudia."

"Ni jini ya mu ziwa. Muulize basi kitu yeye peke yake anajua."

Kitu hicho kilikuwepo. Kila jioni Espoir alipakia abiria: mama mbele, mbuzi nyuma, papa abaki Kavimvira kwenye mpaka kwa sababu hana karatasi. Walikuwa wakicheka wawili tu, mama na mwana, papa haelewi kitu.

Sidonie akakiweka kigari chini.

"Espoir," akanong'ona, "gari yako inabeba nani leo?"

Kigari kikajongea chenyewe, polepole, kikiacha mstari wa maji, na ile harufu ya matope ikapanda, na nje hata kuku wakanyamaza, na kutoka chini ya kabati ikaja sauti ya mwanawe kabisa, na kile kikohozi chake, na ile pumzi yake ya kuvutia kamasi ambayo hakuna mwingine angeijua isipokuwa yeye aliyemzaa, ikasema:

"Maman… inabeba Victoire."

Koko Laure hakungoja. Alikitia kigari kwenye mbabula, juu ya makaa, akalitaja jina la Yesu kwa sauti ya kugombana. Kandambili ikanuka. "Maman, naungua! Maman!" Sidonie alimkumbatia Victoire, akajizuia. Espoir alikufa mara ya pili, na safari hii mama yake alikuwepo.

Kilipotulia, Koko Laure alikwenda kunawa. Sidonie akainamia majivu. Hakuwa amemuaga mwanawe, na sasa hata kigari hakuna. Akasema kidogo tu, iwe imesemwa: "Mama mbele, mbuzi nyuma. Papa amebaki Kavimvira."

Kesho yake mchana alikuwa peke yake na Victoire, mtoto mkavu, amelala mgongoni mwake. Sementi kimya. Kisha matope yakanuka, na sauti ikatoka chini ya kabati, taratibu, kama mwanafunzi anayerudia somo alilofundishwa jana.

"Maman, panda mbele. Mbuzi iko nyuma. Papa tumemuacha."

Sidonie alikaza kitenge kilichombeba Victoire, akashika mlango atoke.

Akageuka.