Vifaranga Kwenye Ombi la Baiskeli

Karakana ya Cheche ilinuka chuma kilichoungua tangu asubuhi. Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea. Yeye na wenzake wa kikundi walitengeneza baiskeli za magurudumu matatu kwa watu wasioweza kutembea. Mkewe alishona viti vya baiskeli hizo. Ufundi ulikuwepo, ila vyuma havikuwepo.

Kila asubuhi Bibi, jirani yao, alipita mlangoni akiwa amembeba mjukuu wake, Malkia. Miguu ya mtoto haikuwa na nguvu. Bibi alimpeleka shuleni mgongoni, akamrudisha mgongoni.

"Cheche mwanangu, lile gari ulilomwahidi Malkia vipi?"

"Linakuja, Bibi."

"Linakuja kwa miguu?" Malkia aliuliza.

Walicheka wote. Bibi alicheka kidogo tu. Pumzi ilikuwa imemwishia.

Siku moja redio ilitangaza kwamba kuna mfuko unaotoa ruzuku kwa vikundi vinavyosaidia watu wenye ulemavu. Cheche alikimbilia duka la kuchapa.

"Andiko la mradi ninalo tayari, kaka," mchapaji alisema. "Hili lilishapata fedha. Nabadilisha jina tu."

"Una hakika?"

"Nikudanganye ili iweje?"

Mchapaji hakuuliza hata Cheche anatengeneza nini. Watu wa aina hii tunawajua, wapo kila mtaa. Na wenye ofisi wanawajua pia. Wanabandika tangazo ukutani kwa maneno mazito, hawamweleweshi mtu, kisha wanasema wananchi hawajui kuandika. Nani aliwafundisha?

Nyumbani mkewe alisema, "Tulisome kwanza."

"Hayo ya wataalamu, mke wangu. Sisi tuchomelee."

Andiko likaenda bila kusomwa. Wakangoja, na mvua zikaanza. Asubuhi moja Bibi hakupita. Mgongo ulikuwa umegoma. Tangu siku hiyo Malkia alikaa uani, akisikiliza wenzake wakipita kwenda shule.

Jibu lilipokuja, lilikuwa fupi: ombi limekataliwa.

Wiki hiyo alifika Dada wa Mazoezi, mfanyakazi wa zahanati anayenyoosha viungo vya wagonjwa. Alitoka kumtazama Bibi, akapita karakana. Mkewe Cheche akampa nakala ya andiko. Dada alisoma, akasimama.

"Shemeji, mnafuga kuku?"

"Kuku gani?" Cheche aliuliza.

"Sikiliza. 'Vifaranga wote watapewa chanjo kabla ya kukabidhiwa kwa watu wenye ulemavu.'"

Mkewe Cheche aliangua kicheko. Kisha akafunika uso kwa kanga. "Mtoto yuko uani, na sisi tumemwombea chanjo ya kuku!"

Dada akaketi. "Na mimi nina lawama. Zahanati yetu iliwahi kuomba ruzuku ikapata. Napita hapa siku zote, sikuwahi kufungua mdomo."

Kisha akasema, "Mfuko utatangaza tena. Safari hii anzeni na tangazo. Wanataka kazi gani? Nani anaruhusiwa kuomba? Mwisho lini? Kikomo cha fedha ni kipi? Msipoelewa, pigeni simu. Namba imewekwa ili ipigwe."

"Halafu niseme sisi ni masikini, watuonee huruma," Cheche alisema.

"Huruma weka pembeni. Eleza tatizo. Watoto kama Malkia wako wangapi mtaani?"

Cheche hakujua. Wakazunguka nyumba kwa nyumba. Walikuta watoto kwenye vyumba vya nyuma, watoto ambao hata majirani hawakujua wapo.

"Sasa lengo," Dada alisema waliporudi.

"Kuinua maisha ya jamii nzima!"

"Utaiinua na nini, jeki? Sema unachoweza: watoto hawa wafike shule wenyewe. Kisha taja kazi zenu, nani atafanya nini, na lini."

Kwenye bajeti Cheche aliingiza pikapu.

"Pikapu itampeleka Malkia darasani?"

"Haimpeleki."

"Basi ifute. Kila gharama ionekane kwenye kazi. Na bei usikisie, kaulize dukani. Sasa niambieni, mtajuaje mmefaulu?"

"Tutauliza walimu nani anafika shuleni," mkewe alijibu.

"Ruzuku ikiisha, gurudumu likipasuka?"

"Tutatengeneza sisi. Mageti tunayouza yatalipia vipuri," Cheche alisema.

"Hayo hayo, yaandike kama ulivyoyasema."

Mfuko ulipotangaza tena, walikuwa tayari. Mkewe alisoma kila ukurasa kwa sauti, mafundi wote wakasikiliza. Palipokosewa walirekebisha. Waliambatisha cheti cha usajili wa kikundi, wakatuma mapema, wakabaki na nakala. Mfuko ukapiga simu na maswali. Cheche akajibu yote bila kubabaika, maana kazi aliyoulizwa ilikuwa yake.

Ruzuku ilitoka. Watoto wa vyumba vya nyuma wakaanza kuonekana barabarani.

Siku ya kwanza Cheche alimsindikiza Malkia. Bibi hakuweza kwenda. Alibaki ameegemea mlango. Malkia alizungusha pedali kwa mikono yake mpaka shuleni. Aliona wenzake dirishani, wakamwita kwa shangwe, naye akaelekea mlango wao.

"Si hapo, mama," mwalimu alisema taratibu. "Hao wameshapanda darasa ulipokuwa nyumbani. Wewe utaanza na hawa."

Malkia akatazama darasa la watoto wadogo. Kisha akamtazama Cheche.

Cheche akainama, akajifanya anakaza nati. Nati ilikuwa imeshakazwa.