Tanga Lililojaa Bila Upepo

Jioni moja mwaka huu wa 1956 nilikuwa nampelekea mume wangu, Jairos, chakula ufukoni mwa ziwa, Kashikishi. Chilufya, mwanetu wa miezi minne, alilala mgongoni.

Upepo ulikuwa umekufa tangu mchana. Mitumbwi ya kutoka kisiwa cha Chisenga ilirudi kwa makasia, matanga yake ya magunia ya unga yamezungushwa kwenye milingoti.

Nilijikwaa, bakuli likaniponyoka. Mama mmoja nisiyemjua alitoka kwenye mtumbwi wake, akaniokotea, akapangusa mchanga kwa kiganja. Alinuka matope ya kilindini. Lakini nilifurahi kwamba alinijali.

"Mama, nipatie kitambaa kidogo," alinong'ona. "Tanga yangu iko na tundu."

"Utaenda na upepo gani, mama?" nilicheka.

"Weye unipatie tu."

Sikuwa na kitambaa. Nikachana ukingo wa nguo niliyombebea mtoto. Alishona kiraka upesi, akasukuma mtumbwi majini, akapandisha tanga.

Matete yalisimama tuli.

Fuuu…

Tanga likajaa.

Mgongoni, Chilufya alitoa pumzi ndefu. Hakuvuta nyingine.

Nikamshusha. Midomo ilikuwa ya bluu. Tanga likalegea… mtoto akavuta hewa. Likajaa tena… kifua chake kikabonyea.

"Mama! Shusha tanga!"

Hakugeuka.

Jairos alikuja mbio. "Ule mutu ulimupatia nini?"

"Kipande ya nguo ya mutoto."

Akashika kichwa. "Mayo, mama wee! Tanga tunashona na gunia tu. Nguo yenye jasho ya mutu hatutie! Inakamata pumuzi yake."

Alirukia mtumbwi wetu, akamfuata yule mama, akapiga kasia mpaka viganja vikatoka damu. Hakumfikia. Mimi nilipiga magoti mchangani, nikimpulizia mtoto mdomoni. Kila nilichompa, tanga lilikichukua.

Giza likaumeza mtumbwi wa yule mama. Baadaye kidogo Chilufya alilia, nami nikalia naye.

Huko Chisenga hakuna aliyemwona yule mama akifika. Jairos ametafuta lile tanga kila kambi ya wavuvi, akate kile kiraka. Hanilaumu. Usiku ananifunika blanketi, kisha anakaa macho.

Chilufya yu hai, anatambaa. Lakini siku upepo ukifa, mitumbwi yote ikirudi kwa makasia, anatoa pumzi na kunyamaza. Nampakata, nampulizia, nahesabu nikisubiri avute nyingine.

Juzi nilifika kumi.

Jana, ishirini na sita.