Pingamizi Lililoandikwa kwa Jina la Baba

Ofisa wa ndoa alivua miwani, akaniuliza mbele ya watu:

"Pradnya, una mume?"

Nilikuwa nimevaa sari ya kijani. Mkononi nina mashada mawili ya maua. Pembeni kasimama Shrirang, mwanaume niliyekuja kufunga naye ndoa asubuhi ile. Nyuma yetu mashahidi watatu.

"Mume ndiye huyu," nikasema. Nilidhani ni utani wa ofisini.

"Kuna pingamizi hapa. Linasema uliozeshwa kijijini ukiwa na miaka kumi na sita, na mumeo yu hai."

"Nani kaandika hivyo?"

Akageuza karatasi, akasoma chini.

"Namdeo Gajbhiye. Baba wa bibi harusi."

Jamani... sikulia. Sikuomba hata kuiona hiyo karatasi. Nilichofikiria ni kimoja tu, haya maua nayapeleka wapi?

Ngoja niwaeleze vizuri.

Mimi ni wa hapa hapa Nagpur, India. Ukoo wetu ni wa tabaka lile ambalo zamani watu walikuwa hawaligusi. Baba alifanya kazi ya kukaza reli miaka thelathini na moja, jua la huku mnalijua wenyewe. Mama alifariki nikiwa darasa la saba. Baba akanilea, akanisomesha mpaka nikawa mwalimu kwenye kituo cha kuandaa vijana kwa mitihani ya kazi za serikali.

Shrirang Kelkar alikuwa mwalimu mwenzangu. Kwao ni watu wa tabaka la juu kabisa, la makuhani wa hekaluni. Yeye alifundisha Katiba. Akisimama ubaoni kueleza usawa wa binadamu, wanafunzi wanasahau hadi chai. Mtandaoni ndiyo usiseme. Kila wiki anapost kuhusu ubaguzi, watu elfu mbili wanapenda.

Nilimpenda miaka mitatu.

Baba hakumtaka, na hakuficha.

"Hao watu nawajua," aliniambia. "Mimi nikiwa mdogo nilikinga viganja, wakanimwagia maji ya kunywa kutoka juu, mikono isigusane. Leo nikupeleke ukawe mkwe wao?"

"Baba, hayo ya zamani. Dunia imebadilika."

"Imebadilika barabarani. Jikoni kwao umefika?"

Sikuwa nimefika. Miaka mitatu yote nilikuwa naishia sebuleni.

Basi tukaamua kwenda serikalini. Pale hawaulizi tabaka wala dini. Mnaandikisha nia yenu, majina yanabandikwa ubaoni siku thelathini, mwenye pingamizi aseme. Na siku ya thelathini na moja ndiyo ile niliyovaa sari ya kijani.

Nikaenda nyumbani moja kwa moja, na maua yangu mkononi. Baba alikuwa anamenya machungwa.

"Umefurahi sasa?" nikamuuliza.

"Kuna nini?"

"Umeandika kwamba nina mume. Umenichafua ofisi nzima."

Aliweka chungwa chini.

"Sijaandika kitu, mwanangu."

"Jina lako lipo."

"Jina linaweza kuwepo. Mimi sikuandika."

Nikamtazama yule mzee, shati limepauka mabegani, nikaona yote anayoyawakilisha. Uzamani. Kinyongo. Nikamwambia neno ambalo mpaka leo likinijia nalimeza kama dawa chungu:

"Waliokumwagia maji wakushukuru. Umewasaidia kazi."

Akaokota chungwa lake.

Nikafungasha. Nikahamia hosteli ya wanawake wafanyakazi. Namba yake nikaiblock.

Shrirang alikuwa mpole sana siku zile.

"Usijali, kesi ya pingamizi naifuatilia mimi," alisema. "Wewe pumzika. Tuache mambo yapoe."

Mambo yakapoa kweli. Mwezi mmoja, miwili, minne. Nikimuuliza anasema ofisa yupo likizo, faili limehamishwa, mama yake anaumwa presha. Mimi nafundisha, nakula, nalala. Mtu akinichekesha nacheka. Ndani ganzi tupu.

Ulipofika mwezi wa nane, mwalimu mwenzetu akanionyesha simu yake. Shrirang kakaa kwenye mkeka na binti mmoja wa mji wa Pune, wamepakwa manjano usoni kama wanavyopakwa maharusi. Uchumba umeshafungwa, harusi wiki ijayo.

Nikarudisha simu. Nikaingia darasani, nikafundisha saa mbili.

Kesho yake nikaenda ofisi ya ndoa kuchukua cheti changu cha kuzaliwa, kilikuwa kwenye faili. Karani ni mama mmoja, anaitwa Nasreen.

"Kumbe ndiyo wewe," akasema. "Mbona hamkuja kujibu pingamizi? Tuliwaita mara tatu. Barua zote alipokea bwana harusi."

"Mara tatu?"

"Na kusaini kasaini."

Hapo ndipo nikaomba kuiona karatasi. Miezi minane imepita, ndiyo naomba.

Akaniwekea mezani.

Ndugu zangu, nimesahihisha mitihani na Shrirang miaka mitatu, meza moja. Namjua anavyokunja herufi. Namjua anavyopigia mstari neno zito mara mbili. Ilikuwa Kimarathi, lugha yetu ya huku, safi cha mwalimu, kila kituo mahali pake. Baba yangu aliishia darasa la nne.

"Dada, unaumwa?" Nasreen akauliza.

"Hapana."

"Yule mzee wako alikuja hapa, lakini. Wiki ile ile."

"Kufanya nini?"

"Alisema hakuandika. Halafu akauliza kama anaweza kuandika nyingine, ya kuruhusu. Nikamwambia mzee, binti ni mtu mzima, sheria haihitaji ruhusa ya baba. Akaniuliza, tangu lini? Nikamwambia, tangu kabla hajazaliwa. Akakaa pale kwenye benchi muda mrefu sana."

Nikatoka nje, nikampigia Shrirang. Alipokea.

"Nimeiona karatasi ya pingamizi."

Nikasikia anafunga mlango.

"Pradnya, mama alisema atakunywa sumu. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia hunioi."

"Halafu watu wangesemaje kuhusu mimi? Nafundisha Katiba."

"Kwa hiyo ukamtwisha baba yangu."

"Yeye alikuwa anapinga tayari. Niliona hakuna kitakachomuongezekea."

Nikakata. Hata tusi sikupata.

Nikaenda nyumbani. Baba alikuwa barazani anashona ndala. Nikakaa karibu naye.

"Baba, ulijua ni yeye?"

"Nilihisi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema nachonganisha. Na simu ulinifungia."

"Ulikwenda ofisini kutoa ruhusa. Kumbe ulishakubali?"

Akatikisa kichwa.

"Sikukubali. Hata leo nisingekubali. Lakini nikasema, kama mwanangu atazuiwa, asizuiwe kwa jina langu."

Nilitaka machozi yaje. Hayakuja. Nilishika tu ile ndala upande wa pili ili sindano ipite.

Nyinyi mnaosoma, sina hasira ya kuwapa. Huwa tunaambiwa nchi inabadilika, na inabadilika kweli, mimi mwenyewe nimesoma kwa sababu ilibadilika. Kosa langu nilimpima mzee kwa umri wake na kijana kwa maneno yake. Yule aliyepinga hadharani hakunidhuru hata siku moja.

Ukiletewa karatasi yenye jina la mtu wako, kabla hujafungasha, omba uisome. Ni dakika moja tu. Mimi ilinichukua miezi minane.