Umewaona Wote?

Mwezi wa sita ukiingia, watu wa nyanda za juu za Ngorongoro hawaulizani kama kuna baridi. Huulizana tu kama umepata usingizi. Ukungu hupanda kutoka kreta usiku, ukayalalia maboma mpaka jua lipate nguvu. Na baridi yenyewe si ya kuizungumzia ukiwa umekaa Karatu mjini na koti lako. Hii inang'ata masikio.

Likizo ya Juni ilimkuta Nalangu nyumbani kwao, upande wa Nainokanoka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa kuchunga wanambuzi karibu na boma. Kila siku alingoja umande ukauke, akajifunga shuka juu ya sweta la shule, akafungua zizi dogo, akawatoa. Jioni mama yake, ambaye yeye na mdogo wake walimwita yeyo, alimwuliza neno moja tu: "Umewaona?"

Hakuuliza wako wangapi. Kwao mifugo haihesabiwi kwa namba. Wazee husema kuihesabu ni kuitakia mabaya. Mchungaji husimama langoni akampitia kila mnyama kwa macho, huyu mwenye masikio meupe, yule mwenye doa mgongoni, mpaka moyo wake utulie.

Usidhani watoto waliichukia baridi ile. Waliipenda mno. Nalangu na wenzake walipuliza mvuke midomoni wakajifanya wazee wanaovuta tumbaku. Ukungu ukiwa mzito walicheza kujificha: mtu anasogea kidogo tu, haonekani tena, inabaki sauti yake ikicheka.

Siku moja mchezo ulizidi. Baba yao, Parmuat, alikuwa ameshuka mnadani Karatu, na Nareyu, mdogo wa Nalangu mwenye miaka saba, alibaki nyumbani kwa sababu ya kikohozi. Alasiri manyunyu yakaanza, ukungu ukashuka mapema kuliko kawaida. Nalangu alipokumbuka wanambuzi, shuka lilikuwa limelowa na vidole havikunjiki. Akawaswaga mbio mbio hadi langoni.

Hapo ndipo alipokosea. Kuwapitia mmoja mmoja kulitaka asimame kwenye manyunyu, na ndani uji wa maziwa ulikuwa unanukia. Basi akawahesabu kimoyomoyo, haraka haraka, kama anavyohesabu madaftari ya darasa. Hesabu ikatimia. Akafunga zizi, akaingia ndani.

"Umewaona?" mama akauliza huku akikoroga uji.

"Nimewaona, yeyo."

"Wote?"

"Wote."

Akasogea motoni. Vidole vilipoanza kupata joto viliuma, lakini hakujali. Alikuwa ameshafika.

Haukupita muda, mbuzi mmoja akaanza kulia zizini. Hakikuwa kilio cha njaa. Nareyu akainua kichwa.

"Huyo ni mama yake Naibor," alisema. Naibor, yaani mweupe, alikuwa mwanambuzi wake mwenyewe. Baba ndiye aliyempa. "Nalangu, Naibor yuko?"

Nalangu alijua hakumwona. Alijua pia kwamba akisema hivyo atarudi nje.

"Yuko ndani," akajibu. "Wewe kaa, unakohoa."

Mama alipochukua kibuyu akaenda kukamua upande wa pili wa boma, Nareyu akatoka taratibu. Nalangu alidhani anakwenda kujisaidia, akaendelea kuota moto.

Baadaye akaja jirani yao, Tobiko, shuka lake likichuruzika maji. "Nalangu, mwanambuzi wangu mwenye sikio lililokatwa hakuja kwenu? Nimemkosa tangu mlipokuwa mnacheza kule chini."

Wakaenda zizini pamoja. Yule mwenye sikio lililokatwa alikuwa pale, amejichanganya na wenzake. Yeye ndiye aliyeitimiza ile hesabu. Naibor hakuwapo. Nareyu naye hakuwapo, na tawi la miiba linaloziba lango la boma lilikuwa limesukumwa kando, nafasi ya kupita mtoto.

Nalangu alikimbia nje akamwita mdogo wake. Kimya. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, na upande wa msituni fisi alikuwa ameshaanza kulia.

"Yeyo," alisema alipomfikia mama yake, meno yakigongana. "Nilikudanganya. Sikuwaona. Naibor amebaki nje, na Nareyu amemfuata."

Mama hakumpiga. Alimtazama tu. Afadhali angempiga.

"Simama hapa langoni uite," mama alisema. "Usinyamaze. Sisi wenyewe tunaweza kupotea humo. Tutarudi kwa sauti yako." Kisha yeye na Tobiko wakaingia kwenye ukungu.

Nalangu aliita. Aliita mpaka koo likakwaruza. Kila alipopumzika kuvuta pumzi alisikiliza, na kila aliposikiliza hakukuwa na jibu, ila fisi. Akamfikiria Nareyu na kile kifua chake, ametoka bila hata sweta. Akamwona kwenye korongo, akamwona mbele ya nyati. Enkai, Mungu wangu, alisema moyoni, nimemuua mdogo wangu, nimemuua kwa kuogopa manyunyu. Miguu ilikufa ganzi. Hakuthubutu kuingia ndani wala hakuona sababu ya kujionea huruma. Giza lilipoanza kushuka alikuwa ameshakata tamaa kabisa, anaita kwa kuwa tu ameambiwa aite.

Tobiko alitokea kwanza. Nyuma yake alikuja mama, amembeba Nareyu ndani ya shuka. Walimkuta nyuma ya kichuguu, amejikunja, amemkumbatia Naibor. Naibor alikuwa ameshakufa. Nareyu alikuwa anapumua, lakini hakuitika jina lake.

Ndani, mama alimvua nguo zote mbichi, akamfuta maji, akamkumbatia kifuani ngozi kwa ngozi na kujifunika naye blanketi. Nalangu alitaka wamsogeze motoni.

"Usimsogeze," mama alisema. "Mwili wake umekufa ganzi, ataungua asijue. Joto la mtu kwanza."

Walikaa hivyo muda mrefu. Hatimaye Nareyu akaanza kutetemeka, kisha akalia. Alipoamka vizuri mama akamnywesha uji kidogo kidogo. Asubuhi Tobiko aliwapeleka zahanati kwa pikipiki. Muuguzi alisikiliza kifua cha Nareyu, akampa dawa, akasema atapona lakini asitoke nje wiki nzima.

Waliporudi, Nalangu alimfuata mama yake kwenye kuni. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Yeyo, nilihesabu. Naibor amekufa kwa sababu niliwahesabu?"

Mama aliweka shoka chini. "Acha hayo. Naibor alikufa kwa sababu ulisema umewaona na hukuwaona. Wala usiisingizie baridi. Baridi ni ya kwetu, mmezaliwa ndani yake, na kucheza nje si kosa. Mtu huvaa vizuri, hurudi mapema, hubadilisha nguo zilizolowa. Lakini uwongo wako ulimfungia Naibor nje, na ukamtoa mdogo wako ndani."

"Niliogopa kurudi kule."

"Ungesema hivyo. Ungesema, yeyo, nimemwacha mmoja na ninaogopa baridi."

"Ungefanyaje?"

"Ningekasirika sana," mama alisema. "Halafu ningechukua shuka langu nikatoka na wewe. Tungeumwa vidole, basi."

Nalangu alilia pale pale kwenye kuni, na mama akamwacha alie. Alipomaliza alijifuta uso, akaingia ndani kumwambia Nareyu kwamba aliposema Naibor yuko ndani, alikuwa anajua hakumwona.