Fyuzi ya Karatasi ya Sigara

Watu wa mtaa wetu wa Makole wanasema shemeji yangu Joel alirogwa. Wacha waseme. Mimi nilikuwa nauza chai na sigara mlangoni pa karakana yake ya umeme wa pikipiki, na nilichokiona mwaka ule wa 2002 ninakijua.

Joel alikuwa fundi hodari, ila kununua fyuzi kulimshinda. Fyuzi ya mteja ikiungua, ananinyooshea mkono tu: "Shemeji, karatasi." Nampa ile ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, anaikunja bomba jembamba, anaichomeka penye fyuzi. Taa zinawaka, mteja anaondoka akishukuru. Ila umeme ukizidi, karatasi haikatiki kama fyuzi; waya ndio unaoshika moto. Ndivyo alivyomfungia Petro, na Petro akaungua hadi kufa akiwa juu ya pikipiki yake, barabara ya Mvumi.

Ndugu wa Petro wakasema mkewe, Zipora, ndiye aliyemroga. Jumatatu mwanamke yule akaja karakana, mtoto mgongoni, akapiga magoti palipomwagika oili.

"Kaka Joel, Jumamosi hii kuna kikao cha ukoo. Njoo useme tu kwamba ni umeme. Watanifukuza, na wanangu watawachukua."

Joel hakuinua uso. "Nikisema hivyo, nani ataniletea pikipiki tena? Kama hukumroga, unaogopa nini?"

Nilisikia yote. Nikaendelea kusuuza vikombe.

Kesho yake akaja Mjerumani mmoja mzee na pikipiki kubwa ya safari, masanduku ubavuni, anaelekea Singida. Alikuwa na GPS, kidude cha kuonyesha njia kwa satelaiti. Betri zake ndogo zilikuwa zimekwisha, akataka kivute umeme kwenye betri ya pikipiki. "Weka fyuzi, tafadhali," akasisitiza, kwa Kiswahili cha kujifunza kitabuni.

Joel akachukua waya mwekundu uliosalia kwenye pikipiki ya Petro. Mabaki ya pikipiki hiyo aliyanunua kama chuma chakavu. Kisha akaninyooshea mkono. Nikampa karatasi.

Ncha ya waya ilikuwa bado mkononi mwake, haijagusa betri. Kidude kikawaka.

Kwenye kioo ukatokea mshale. Ulielekea Mvumi. Mjerumani akabonyeza, akabonyeza tena, akatikisa kichwa. "Mimi nakwenda Singida. Huku sikuandika."

Joel akacheka, akaunga waya, akasema anakwenda kuijaribu mpaka Nkuhungu, upande wa Singida, mara moja. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linachoma. Alipofika barabarani pikipiki ilikata upande wa Mvumi. Nilimwona akivuta usukani kwa mikono miwili. Haukugeuka.

Saa sita wakamkuta pale pale alipofia Petro. Pikipiki imesimama kwa stendi yake, nzima, siti haina hata alama. Joel ameketi juu yake. Ameungua mpaka mfupani.

"Zipora tena," wakasema ndugu wa Petro.

Ijumaa, baada ya mazishi, Mjerumani alirudishiwa mali yake polisi. Akaja moja kwa moja mezani kwangu, akakiweka kidude mbele yangu. Waya zote alikuwa amezing'oa, na ndani ya kidude hamkuwa na betri hata moja. Kilikuwa kinawaka.

"Siku tatu, kabatini, polisi," akaninong'oneza. "Angalia. Hiki kinachora njia kilikopita."

Mstari ulitoka Makole hadi pale barabara ya Mvumi. Halafu ulirudi. Haukufuata barabara. Ulikata mashambani, ukazunguka mazizi, kama mtu anayetembea kwa miguu. Uliishia mlangoni petu. Kwenye meza yangu.

Nilijua natakiwa nini. Kikao cha ukoo wa Petro kilikuwa kesho, huko Mvumi, na gari la kwenda huko linaondoka asubuhi. Ningesema tu habari ya karatasi, basi. Lakini wangeuliza nani alikuwa akiitoa. Niliogopa aibu yangu kuliko nilivyomhurumia Zipora, na huo ndio ukweli wangu. Sikwenda.

Jumamosi walimtoa Zipora kwa fimbo. Wanawe walishikwa mikono wasimfuate, hata yule wa mgongoni.

Jumapili nilifungua banda langu la chai. Mezani palikuwa na karatasi ya kung'aa, imekunjwa bomba jembamba, vile vile alivyokuwa akikunja Joel.

Niliigusa. Ilikuwa ya moto.