Maboga Bila Nyuki

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa zamu ya bustani katika shule moja ya msingi kule Ihanja, Singida, waliingia kwenye maboga wakiwa na makopo. Walipekua majani, wakawakamata wadudu wekundu waliokuwa wakiyatoboa, wakawatia kwenye kopo lenye majivu. Elina, msichana wa darasa la sita, ndiye aliyeongoza zamu. Alikuwa hodari, lakini kazi ile aliichukia.

"Ukimaliza jani hili, wameshahamia lile," alimlalamikia rafiki yake Rahma. "Mpaka lini?"

"Mwalimu amesema tuokote," Rahma alijibu. "Wewe okota tu."

Mwalimu mwenyewe alikuwa Mwalimu Chrispin wa sayansi. Vitabu vya shule vilikuwa vichache, tena vimechakaa, kwa hiyo alifundishia vitu alivyovitengeneza. Nyuma ya ua wa minyaa alikuwa ametundika mzinga mwembamba wa mbao za masanduku. Ubavu mmoja aliuwekea kioo cha dirisha, akakifunika kwa kipande cha gunia. Alipoinua gunia, wanafunzi waliwaona nyuki wakijenga masega, wakilisha watoto wao, wakirudi na unga wa maua miguuni. Hata watoro walikuwa hawakosi somo hilo.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi. Zamani dawa za wadudu zilitoka chama cha ushirika, na bwana shamba alikuja kuonyesha matumizi yake. Sasa ziliuzwa dukani na mnadani, nyingine kwenye chupa za soda bila maelezo yoyote. Mzee Ezekieli, baba yake Elina, alinunua chupa moja kwa ajili ya nyanya zake. Iliyobaki aliichomeka juu ya kenchi, kwenye mbao za paa.

Jumamosi moja asubuhi Elina aliitoa ile chupa. Alichanganya dawa na maji kwenye ndoo, akaenda shuleni peke yake, akayanyunyizia maboga kwa kicha cha majani. Maua yalikuwa yamefunguka, na nyuki walikuwa wakiingia na kutoka. Macho yalimwasha na kichwa kikamgonga, lakini alipoona wadudu wakianguka alifurahi.

Jumatatu Mwalimu Chrispin aliwapeleka kwenye mzinga darasa la tatu, ambao walikuwa hawajawahi kuuona. Aliinua gunia. Nyuki walikuwa wamejaa chini kama makapi ya uwele. Wachache walijikokota kwenye masega, miguu ikitetemeka.

"Mwalimu, wamelala?" mtoto mmoja aliuliza.

"Wamekufa," mwalimu alisema polepole. "Nadhani kosa ni langu. Nimewafunua mara nyingi mno, nimewasumbua."

Elina aliyasikia maneno hayo kutoka bustanini. Alitaka kusema, ila akainama kwenye maboga kama hakusikia. Nyumbani alishindwa kula.

"Unaumwa?" mama yake aliuliza.

"Hapana, mama."

Kesho yake alimkuta Mwalimu Chrispin akifungua waya wa mzinga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Elina. Hebu nishikie hapa. Naushusha. Sitafundisha tena kwa nyuki."

Elina alishika. Mzinga ulikuwa mwepesi. Machozi yakamtoka.

"Mwalimu, si wewe. Ni mimi. Nilinyunyizia maboga dawa ya baba."

"Maua yakiwa wazi?"

"Ndiyo, mwalimu. Nilichoka kuokota."

Mwalimu aliketi juu ya tofali. Elina alingoja fimbo. Haikuja.

"Ungeniambia jana," hatimaye mwalimu alisema, "darasa la tatu wasingelala wakidhani nyuki niliwaua mimi."

Maneno hayo yalimuuma kuliko fimbo. Siku hiyohiyo alisimama mbele ya wale watoto, akawaeleza ukweli.

Mzee Ezekieli alipoitwa shuleni hakumgombeza mtoto peke yake. "Chupa ni yangu," alisema. "Niliiweka anapofika. Na mimi mwenyewe sikuuliza kitu. Muuzaji alisema ni dawa, nikanunua." Aliipeleka chupa kwa bwana shamba, kisha akasimulia yote kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya wafugaji wengine wa nyuki. Wakakubaliana: asiwepo anayepiga dawa mimea ikiwa na maua, wala anayenunua chupa isiyo na maelezo.

Lakini nyuki hawakurudi. Masega yalichomwa, mzinga ukasafishwa na kutundikwa upya, ukabaki mtupu. Mvua iliyaosha majani, maboga yakatoa maua mengine, ila vitunda vilinyauka na kudondoka kwa kukosa wa kuvipelekea unga wa maua. Ndipo mwalimu akamfundisha Elina kuchuma ua dume na kuligusisha ndani ya ua jike. Elina alifanya hivyo kila asubuhi pamoja na darasa la tatu, mgongo ukimuuma. Vilivyoshika vilikuwa vichache.

"Mwalimu, watarudi?" aliuliza siku moja.

"Labda mvua zijazo. Siwezi kukuahidi," alijibu Mwalimu Chrispin. "Umeona kazi waliyotufanyia bila kutuomba kitu? Kabla hujaua mdudu shambani, jiulize nani mwingine anaishi kwa ua hilo. Na ukikosea, sema mapema. Kosa likifichwa huendelea kuumiza hata wasiohusika. Kusema kweli hakukuwafufua nyuki, Elina, lakini kumeokoa mizinga ya kijiji kizima."

Elina aliitikia kwa kichwa, akainama kwenye ua lililofuata.